Mwalimu Aliyeufungulia Mchezo Jalada

Mwalimu wetu wa kompyuta hakuipenda kompyuta, wala hakulificha jambo hilo. Kila asubuhi alipofungua chumba aliondoa vitambaa vilivyofunika mashine zetu nne, akavikung'uta barazani, akavikunja vizuri, kisha akaenda kukaa karibu na mlango, mbali nazo, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa asiyemfahamu sana. Alichapa kwa vidole viwili. Akikosea herufi aliinua mikono yote miwili na kumwita mmoja wetu aje kurekebisha. Sisi tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, tumetoka Mbeya, Tanga, Kondoa na kwingine, tumekuja Dodoma kusomea mambo ya kisasa, na tuliona wazi kwamba tumepunjwa.

Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa karani wa masjala wizarani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amepokea barua, akazipa namba, akazifunga kwenye majalada kwa kamba, na kuzitoa zilipohitajika. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mitumba ilikuwa imejaa hadi mitaa ya ndani, maduka ya ushirika yamekuwa ya watu binafsi, na kila chuo kilitaka kuandika neno kompyuta kwenye kibao chake cha barabarani. Chuo chetu kilipopewa mashine nne zilizokwisha kutumika kwa wenyewe huko Ulaya, Mkuu wa Chuo alitafuta mtu wa kuzilinda. Akamchukua karani huyu, akampeleka kwenye kozi ya wiki sita Dar es Salaam, akarudi akiwa mkufunzi. Sababu aliyoitoa Mkuu ni kwamba huyu bwana hajawahi kupoteza kitu.

Alivaa suti ya Kaunda ya rangi ya udongo, na mfukoni alikuwa na kalamu tatu. Ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kuwekea namba za kurasa, na ya kijani ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Nilimuuliza siku moja ya kijani ni ya nini.

"Ya wakubwa," alisema. "Mkubwa akija hana kalamu, anaazimwa hii."

"Na wakubwa wakija na ya kwao?"

"Hawaji nayo, binti. Wewe utaona."

Alikuwa na sheria zake, na hakuzifundisha kwa kuzitaja, alizifundisha kwa kukurudishia karatasi. Neno likikosewa hukatwa kwa mstari mmoja tu, ili atakayekuja asome ulichokuwa umeandika mwanzo. Wino mweupe wa kufutia ulikuwa marufuku chumbani kwake. Karatasi ikishawekwa namba haitoki, hata kama ni ya aibu. Na neno "tumefanikiwa" hakulitaka kabisa. Nilipowahi kuandika kwamba tumefanikiwa kuchora mto, alizungushia neno hilo wino mwekundu na kuandika pembeni: Mto umeonekana au haujaonekana? Nikaandika upya kwamba mto umeonekana, ila unapita juu ya mlima. "Hapo sawa," alisema. Kauli yake kubwa ilikuwa moja. "Andika kabla hujapoa." Alikuwa na maana kwamba mtu akishapoa huanza kujipamba.

Huo mto ulikuwa wa mchezo. Mwaka wetu wa mwisho kila kundi lilitakiwa kutengeneza programu moja, na wengi walichagua mambo ya heshima: orodha ya vitabu vya maktaba, ratiba ya masomo. Mimi nilipangwa na Salimu, kijana wa Kondoa, mtoto wa wakulima wa milimani, aliyekuwa na kichwa cha ajabu kwenye mashine zile. Salimu akasema yeye anatengeneza gemu. Mchezaji anawaswaga ng'ombe kumi na wawili kutoka Chemba hadi mnadani Dodoma. Njiani kuna miba, kuna kiu, kuna wezi. Ukifika na ng'ombe wote umeshinda.

Kamati ya taaluma ilicheka. Mkufunzi mmoja alisema serikali haikuwaleta watoto wa watu hapa kuja kucheza. Tulirudi kwa Mwalimu wetu tukiwa wanyonge, tukijua kwamba yeye ndiye atakuwa wa kwanza kutukatalia, maana gemu zenyewe alizijua kwa jina tu. Alitusikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema tumpe siku mbili.

Siku zile mtaa wa Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, kulikuwa na kibanda cha gemu, televisheni tatu na watoto wa shule wamebanana kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Mwalimu alikwenda pale Jumamosi asubuhi akiwa na suti yake ya Kaunda. Alilipa kama wengine, akapanga foleni na watoto, akacheza. Watoto walimwamkia kwa zamu, shikamoo, shikamoo, huku wakimwelekeza abonyeze wapi. Jumatatu alitusomea taarifa yake. Ilikuwa na kurasa mbili, na sentensi ninayoikumbuka ni hii: "Nimecheza mara nne. Nimekufa mara nne. Mara ya nne nilichelewa kufa." Salimu alicheka mpaka akainama juu ya meza. Mwalimu hakucheka. Alisema kama mchezo unaweza kumfanya mtu mzima atake kurudia kufa, basi una mambo ndani yake na unastahili kuandikwa. Akachukua jalada jipya la rangi ya kaki, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa masjala: MCHEZO WA NG'OMBE – UTENGENEZAJI. Taarifa yake ya Chang'ombe ikawa folio ya kwanza, yaani karatasi namba moja. Kamati ilipoona mchezo una jalada, iliacha kucheka. Nadhani walijua kwamba kitu chenye jalada hakifukuzwi kirahisi.

Hakutuita kwa majina. Salimu alikuwa Fundi, mimi nilikuwa Mwandishi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, mama yangu alikuwa mpiga chapa, na kwa makosa hayo mawili nikapewa kalamu wakati mwenzangu anapewa kibodi. Kila siku Salimu alikaa mbele ya kioo akifikiri, akibonyeza, akishangilia au akitukana kwa Kirangi cha kwao. Mimi nilikaa pembeni na jalada, nikiandika alichofanya, saa aliyofanya, na kilichotokea. Nilichukia. Nilikuwa nimekuja kusomea kompyuta, si kuwa karani wa mtu, na nililisema hilo mara moja mbele ya Mwalimu.

"Unadhani Fundi anajua anachofanya?" aliniuliza.

"Anajua, Mwalimu."

"Hajui. Anajaribu. Wewe ndiye utakayejua alifanya nini."

Sikuridhika. Niliona ni maneno ya kumtuliza mtoto wa kike.

Lakini nikubali kwamba jalada lile lilikuwa na raha zake. Kuna wiki ambayo ng'ombe walikuwa wakivuka mto wanaongezeka. Waliingia majini kumi na wawili, wakatoka ishirini na wanne. Wakirudi ng'ambo walikuwa arobaini na wanane, na mashine ikasimama kwa uzito wao. Salimu aliona aibu na alitaka nisiandike. Mwalimu alisimama nyuma yetu akitazama kundi lile linalozaliana, akasema niandike kama lilivyo, na chini yake niandike: Sababu haijulikani. Siku tatu baadaye sababu ilijulikana, tukaiandika pia. Aliipenda sana karatasi hiyo. Mgeni akija alimfungulia hapo kwanza.

Kuna siku mjomba wake Salimu, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuja mjini kwa mnada, na Mwalimu akasisitiza aletwe aone. Mjomba alikuja na fimbo yake na kanzu ya safari, akakalishwa mbele ya mashine. Alitazama vidoa vyetu vyeupe vikitembea jangwani, akatikisa kichwa.

"Hawa ng'ombe wenu kila mmoja anakwenda kivyake," alisema. "Ng'ombe haendi hivyo. Yupo mmoja anayetangulia. Huyo ukimpata, wengine wanakuja wenyewe. Huyo ukimpoteza, utakimbia mpaka uchoke."

"Huyo anayetangulia anajulikanaje?" Mwalimu aliuliza, kalamu mkononi.

"Unaishi nao tu, utamjua."

Mwalimu alimwomba aweke sahihi chini ya maneno yake. Mjomba aliweka sahihi kwa herufi za Kiarabu, taratibu, na Mwalimu akaipa namba. Kuanzia hapo mchezo wetu ulibadilika kabisa. Salimu aliwapa ng'ombe kiongozi, na mchezaji hakuambiwa ni yupi. Ilibidi atazame mwenyewe mpaka amtambue. Mpaka leo sijaona wazo la mchezo lililonifurahisha kuliko lile.

Msidhani mtu huyu alikuwa na mpango kila mahali. Nilikwenda kwake mara moja kuchukua ufunguo wa chumba. Karatasi za nyumbani kwake zilikuwa ndani ya kiroba cha unga, zimesokotana: risiti, barua za ndugu, kadi za kliniki za watoto. Mkewe aliniona nikishangaa.

"Huyu kazini anajua kila karatasi ilipo," alisema. "Hapa cheti cha ndoa tumekitafuta mwaka mzima, tukaamua tuishi hivyo hivyo."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo. "Cheti kipo," alisema.

"Kipo wapi?"

"Kipo," alisema tena, akanipa ufunguo.

Na alikuwa mwoga wa radi. Mtu ambaye aliweza kumrudishia Mkuu wa Chuo barua yake kwa kukosa tarehe, alikuwa akisikia ngurumo anabadilika rangi. Nyumbani kwake wingu likijikusanya redio ilizimwa, kioo kilifunikwa khanga, na hakuna aliyeruhusiwa kuosha vyombo. Kazini alikuwa na swichi kuu kwenye korido, na ngurumo ya kwanza ilimkuta tayari ameishika. Tulimzoea. Tulijua mvua zikianza itabidi tufanye kazi huku tunasikiliza mbingu.

Hapa nifike kwenye jambo langu, maana bila hilo picha hii ni ya uongo.

Mashine zile hazikuwa na nafasi ndani, kwa hiyo kazi yote ya Salimu ilikaa kwenye disketi moja. Mwalimu aliweka utaratibu wa nakala ya pili. Disketi nyingine mpya ilikaa ndani ya bahasha, kwenye kabati lake lenye kufuli. Kila Ijumaa mimi, Mwandishi, nilipewa bahasha ile, niiweke kazi ya wiki kwenye disketi ya pili, niirudishe, na niandike kwenye jalada: Nakala ya pili imefanywa. Chini yake sahihi yangu. Yeye hakuwahi kufungua bahasha kukagua. Aliposoma sahihi aliridhika.

Ijumaa ya kwanza mashine zote zilikuwa na watu na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nikasema nitafanya Jumatatu. Niliandika kwamba imefanywa, nikaweka sahihi. Jumatatu sikufanya. Ijumaa ya pili nilikaa na bahasha mapajani dakika kumi, nikairudisha, nikaweka sahihi. Sitaki kujitafutia sababu. Nilikuwa na hasira ya ukarani, na niliona ni ujinga kumnakilia mtu kazi yake wakati mwenyewe nakatazwa kuigusa. Ijumaa sita niliandika sentensi hiyo. Disketi ya pili ilikaa kabatini mpya kabisa, hata haijawahi kuingia kwenye mashine.

Radi ilikuja Alhamisi ya wiki ya saba, saa nane mchana, ndiyo mvua ya kwanza ya mwaka. Salimu alikuwa amemaliza kuwaunganisha wezi na wale ng'ombe, na alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza kuhifadhi. Taa ndogo ya disketi ilikuwa inawaka, maana yake mashine inaandika. Ngurumo ikapiga, madirisha yakatetemeka, na nikaona suti ya Kaunda ikipita mlangoni kuelekea korido.

"Mwalimu, subiri, inaandika!" Salimu alipiga kelele. "Mwalimu!"

Vioo vyote vinne vikawa vyeusi.

Mvua ilipopungua aliwasha, na Salimu akaingiza disketi yake. Mashine ilikoroma, ikajaribu, ikasema haioni kitu. Alijaribu mara nyingi sana. Kisha akaweka mikono kichwani. Wiki saba, na mtahini kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja baada ya wiki tano.

Salimu alikuwa mtoto mwenye adabu, na katika maumivu yale bado alimtafutia mwalimu wake mlango wa kutokea. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikuwa yameshuka mwaka ule na mgao wa umeme ulikuwa umetuzoea, hakuna siku iliyopita bila kukatika.

"Mwalimu, tuandike umeme ulikatika," alisema. "Nani atauliza?"

"Umeme haukukatika. Ofisi ya Mkuu taa zinawaka."

"Lakini Mwalimu…"

"Andika, Mwandishi." Alikuwa amesimama, sauti yake ni ile ile ya kila siku. "Saa nane na dakika kumi. Mwalimu alizima swichi kuu, akiwa ameambiwa asubiri."

Niliinua uso. "Niandike ameambiwa?"

"Nilimsikia Fundi vizuri. Andika kabla hujapoa."

Nikaandika. Ndipo Salimu akakumbuka nakala ya pili, akaruka kwenye kiti, na mimi nikainamia jalada. Mwalimu aliangalia wingu, akasema bado halijaisha, twende nyumbani, ataiangalia mwenyewe kukitulia. Sikulala vizuri wala sikula. Asubuhi alitukuta tunamsubiri barazani. Alifungua chumba, akakung'uta vitambaa vyake, akavikunja, kisha akasema bila kumtazama yeyote:

"Nakala ya pili haisomeki. Iandike hivyo."

"Ni hili vumbi la Dodoma, Mwalimu," Salimu alisema kwa huzuni. "Linaua sana disketi."

"Andika haisomeki," alirudia.

Niliandika. Nilijiambia kwamba ameamini ni vumbi. Nililishika wazo hilo kwa nguvu na kwa miaka mingi sikuliachia. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Tuliujenga upya kutoka kwenye jalada. Ramani ilikuwemo, maneno ya mjomba yalikuwemo, kila kosa na dawa yake lilikuwemo, na vipande vya programu nilivyokuwa nimevinakili kwa mkono. Salimu alifanya kazi wiki tano kama mtu anayefukuzwa. Mchezo uliotoka ulikuwa mdogo, ng'ombe saba badala ya kumi na wawili, na wezi hawakurudi. Mtahini aliucheza, akawapoteza ng'ombe wote kwenye miba, akacheka kidogo. Kisha akafungua jalada. Alilisoma saa nzima. Alisema hajawahi kuona mradi wa mwanafunzi ulioandikwa kwa uaminifu kiasi kile, na akaomba kalamu atie saini. Mwalimu akamwazima ya kijani.

Salimu alipata alama za kawaida. Mimi nilipata za juu, kwa ajili ya uaminifu wa maandishi yangu. Nimeliandika hili mara nyingi kwenye karatasi nilizozichana, na bado linanichoma.

Miezi michache baadaye ikaja kamati ya kupunguza watumishi. Ndizo zilikuwa habari za miaka ile, kila ofisi ilitakiwa ibaki na watu wachache. Hawakumwita mtu kumhoji. Walijifungia na majalada siku tatu, wakaondoka, wakaacha orodha. Mimi wakati huo nilikuwa nasubiri cheti changu na napiga chapa kwa muda ofisini kwa Mkuu. Barua za kuwaachisha watu kazi nilizipiga mimi.

Ya Mwalimu ilikuwa ya nne. Ilisema ameonyesha uzembe uliosababisha kupotea kwa kazi ya wanafunzi, pamoja na nakala zake zilizokuwa chini ya uangalizi wake. Nilifika kwenye maneno "pamoja na nakala zake" vidole vikasimama. Jalada lilikuwa na sahihi zangu sita zikisema nakala zilikuwepo. Kama zilikuwepo na sasa hazisomeki, basi aliyeziharibu ni mwenye kabati. Kosa la swichi peke yake labda lingempa onyo. Mimi ndiye niliyelikamilisha.

Mkuu wa Chuo alipita nyuma yangu. "Imekwisha?"

Vyeti vya mwaka wetu vilikuwa juu ya meza yake, havijatiwa saini. Changu kilikuwemo.

"Bado kidogo, Mkuu," nilisema, nikaendelea kupiga.

Mwalimu alikuja mwenyewe kuchukua barua yake. Aliisoma amesimama, kutoka tarehe mpaka "Nakala kwa" ya chini kabisa. Alitia sahihi kwenye daftari la kupokelea. Kisha akaikunja mara tatu, akaiweka mfukoni nyuma ya kalamu zake, na kuniambia, "Umepiga vizuri. Haina kosa." Ilikuwa na siku kumi na nne za kukata rufaa. Nilizihesabu zote. Hakukata.

Miaka ilikwenda. Nilipata kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja ya serikali hapo hapo Dodoma, nikapanda, nikawa na watu chini yangu. Niliwafundisha kukata neno kwa mstari mmoja. Waliniona mwaminifu kupita kiasi na walinitania kwa hilo. Nilisikia Mwalimu amehamia Chemba kulima, na kila nikipata safari ya upande huo nilimtuma mtu mwingine. Mwaka wa tisa hakukuwa na mtu wa kutuma. Nilimaliza kazi asubuhi, nikauliza kwake, nikaonyeshwa.

Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai. Suti ya Kaunda hakuwa nayo. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aliisimamisha fimbo. "Ni Mwandishi huyu. Kaa."

Mkewe alifurahi, akaniletea maji, akarudi jikoni. Mwalimu aliniuliza habari za Salimu. Nikamwambia yuko Arusha, ana duka la kutengeneza simu, na anaendelea vizuri. Aliuliza kama bado anafanya michezo. Nikasema hapana. Alipiga vichwa viwili vitatu. Nilijua nikisubiri chakula sitasema tena, kwa hiyo nikasema vile vile nilivyokuwa nimekaa, mikono magotini.

"Mwalimu, ile nakala ya pili sikuifanya. Hata Ijumaa moja. Niliweka sahihi tu."

Aliendelea kupiga. Mbegu ziliruka na kuanguka kwenye turubai.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Niliifungua jioni ile. Disketi haijaguswa kabisa. Hata mimi na kozi yangu ya wiki sita nilijua tofauti ya kitu kilichokufa na kitu ambacho hakijazaliwa."

"Mbona ukasema haisomeki?"

"Ilikuwa haisomeki." Aliweka fimbo chini. "Hilo si uongo. Lakini si habari yote, na mimi nilikuwa nakufundisheni habari yote. Nilifikiri, nikiandika ya kweli, binti huyu anafukuzwa chuo leo, mwezi mmoja kabla ya mtihani. Mimi mtu mzima, nina miaka yangu kazini, wataniandikia onyo, yataisha. Nikakuficha."

Nilianza kulia. Alisubiri, hakunibembeleza.

"Na rufaa, Mwalimu? Ungesema kwenye rufaa."

"Ningesema nini? Kwamba nilijua, nikaandika nusu? Nani angeamini maneno yanayoletwa baada ya barua? Mimi mwenyewe nisingeyapokea masjala." Alipangusa jicho lake lenye ukungu kwa kiganja. "Watoto wangu watatu waliacha shule mwaka ule. Huyu mama yao aliuza pombe, kitu ambacho alikuwa hakitaki. Nakwambia ili ujue, si ili nikuumize."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alichukua kichwa kingine cha alizeti, akakigeuzageuza mkononi, na nikaona anatafuta maneno kwa namna ile ile aliyokuwa akiyatafuta zamani, akiyakagua kwanza kabla ya kuyatoa.

"Watu wa hapa wananisifu kwamba nilikuwa mtu mwema," alisema. "Sitaki na wewe uondoke na sifa hiyo. Sikujua kama watapunguza watu. Ningejua kwamba wataniachisha kazi, ningekuandika wewe."

Moto ulisikika ukilia jikoni. Maneno yale yaliniingia yote, na nilijua kwamba katika miaka tisa hakuna mtu aliyenipa kitu kizito kama kile.

"Ungefanya haki, Mwalimu," nilisema.

Aliinua uso, akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu nikae.

"Ndiyo," alisema. "Ningefanya haki. Karibu chakula."